Mkeka, posta na YouTube: jinsi yoga ilivyofika nyumbani

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka kuzungumzia historia, tena ya jambo ambalo hapa Machakos ukilitaja wengine watacheka na wengine watakuombea. Jambo lenyewe ni yoga. Sisemi yoga ya hoteli za kitalii, la. Nasema yoga ya nyumbani, ya kila siku, ya mtu mmoja na mkeka wake kabla ya chai ya asubuhi.

Utauliza, ndugu msomaji, yoga na kompyuta wapi na wapi? Subiri kidogo. Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta, na kazi yangu ni kuandika programu nikiwa nyumbani hapa mjini. Kiti ndicho shamba langu. Ukikaa kwenye kiti saa tisa kwa siku, mgongo utakukumbusha kwamba wewe ni nyama na mifupa. Ndivyo nilivyoanza kujinyoosha, na kwa vile siwezi kutumia kitu bila kuuliza kilitoka wapi, nikaanza kusoma. Nilichokuta ni hiki: yoga ya nyumbani ni zao la teknolojia. Bila posta, kamera, kitabu cha bei nafuu, runinga na kebo ya chini ya bahari, isingefika kwangu. Na katikati ya hadithi hiyo kuna kesi ya hakimiliki ambayo kila mwandishi wa programu anapaswa kuijua.

Haya, tuanze mwanzo.

Mikao 15 tu

Wengi tumeambiwa kwamba mikao yote ya yoga ina umri wa maelfu ya miaka. Yoga yenyewe ni ya kale, hilo halina ubishi. Lakini mikao ni habari nyingine. Chukua Yoga Sutra za Patanjali, maandishi ambayo wataalamu wengi huyaweka karibu na karne ya nne au ya tano baada ya Kristo. Yana sentensi fupi 195 au 196, kutegemea nakala unayoshika. Zinazozungumzia mkao wa mwili ni tatu tu, na ujumbe wake ni kwamba mtu akae imara bila kuumia. Nyingine zote ni habari ya akili, nidhamu na kutulia.

Tuje mbele karne nyingi. Karibu na karne ya 15 mtu aitwaye Svatmarama aliandika Hatha Yoga Pradipika. Humo anaeleza mikao 15, na mingi kati ya hiyo ni ya kukaa chini. Sasa fungua Light on Yoga cha B.K.S. Iyengar kilichotoka mwaka 1966: mikao takriban 200, picha takriban 600. Kutoka 15 hadi 200! Sisi tunaoandika programu tukiona toleo jipya lina vipengele vingi hivyo kuliko la zamani, swali la kwanza ni moja: nani aliongeza, lini, na kwa nini?

Posta, mfalme na kamera

Jibu, kwa sehemu kubwa, liko kati ya mwaka 1900 na 1940, na linaanzia mahali usipopategemea. Kulikuwa na mtunisha misuli aliyezaliwa Prussia na kupata jina London, Eugen Sandow. Pamoja na maonyesho yake aliuza mafunzo ya mazoezi kwa posta: unatuma pesa, unaletewa maelekezo na vifaa, unafanya mwenyewe chumbani. Hilo lilikuwa wazo jipya kwa wengi, kwamba mwalimu anaweza kukaa nchi nyingine na mwili ukajengwa nyumbani. Mwaka 1905 alizuru India na watu walimiminika kumwona.

Mmoja wa waliofuata mazoezi ya Sandow kwa miaka mingi alikuwa Bhawanrao Pant Pratinidhi, mtawala wa himaya ndogo ya Aundh, magharibi mwa India. Baadaye aliyaacha akashika zoezi la kwao, surya namaskar, yaani salamu kwa jua: unasimama, unainama, unarudisha miguu nyuma, unajiinua kifua, unarudi ulipoanza. Katika miaka ya 1920 alilieneza kwa nguvu zake zote. Aliliingiza katika shule za himaya yake na kuliandikia kitabu. Alisisitiza jambo moja: lifanywe kila siku, na mtu yeyote, bila kifaa chochote. Hapo ndipo naona mbegu ya yoga ya kila siku tunayoijua leo, ingawa kwa wakati huo wengi hawakulihesabu zoezi hilo kuwa yoga.

Kusini zaidi, katika mji wa Mysore, mfalme Krishnaraja Wadiyar wa Nne alimwajiri mwalimu Tirumalai Krishnamacharya, na mwaka 1933 akampa ukumbi katika kasri la Jaganmohan afundishe vijana. Mwanahistoria Mark Singleton, katika kitabu alichokitoa mwaka 2010, anaonyesha jinsi mafunzo ya enzi hizo yalivyochanganyika na mieleka ya Kihindi na mazoezi ya viungo ya Ulaya. Wako wanaompinga, wakisema mizizi ya Kihindi ni mirefu kuliko anavyokiri. Ila hata wapinzani wake hawasemi kwamba mikao 200 ilishuka siku moja kutoka mlimani.

Mwaka 1938 Krishnamacharya na wanafunzi wake walipigwa filamu fupi isiyo na sauti. Ipo hadi leo. Mmoja wa wanaoonekana ni kijana Iyengar, shemeji yake. Huyu Iyengar alizaliwa mwaka 1918, na utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Sisi wa huku tunajua malaria inavyomwacha mtoto. Alikuwa mkakamavu wa mwili kama kuni, na mwalimu wake hakumtegemea sana. Mwaka 1937 alitumwa Pune kufundisha. Mwaka 1952 alikutana na mpiga fidla maarufu Yehudi Menuhin, naye Menuhin akamfungulia milango ya Ulaya.

Kitabu chake cha 1966 nakipenda kwa sababu moja ambayo wengi huiruka. Mwishoni kuna ratiba ya mafunzo ya wiki kama 300. Piga hesabu: karibu miaka sita. Wiki hii fanya hiki na hiki, wiki zijazo ongeza kile. Ni programu kamili, imeandikwa hatua kwa hatua, na mashine ya kuiendesha ni wewe. Tatizo lake ni lile lile la kitabu chochote: hakikuoni. Ukikosea goti, kitabu kinanyamaza.

Runinga ikaingia

Hapa nitapita haraka. Mwanafunzi mwingine wa Mysore alikuwa mwanamke aliyezaliwa Riga mwaka 1899 kwa jina Eugenie Peterson, dunia ikamjua kama Indra Devi. Mwaka 1947 alifungua studio Hollywood, na waigizaji wa sinema wakawa wanafunzi wake. Mwaka 1961 Richard Hittleman alianza kufundisha yoga kwenye runinga huko Los Angeles, na mwaka 1970 Lilias Folan akaanza kipindi chake kwenye kituo cha umma cha Cincinnati, kikasambazwa Marekani nzima. Sasa mama wa nyumbani aliweza kutandika zulia mbele ya runinga na kufuata. Picha ilitembea na mwalimu alizungumza. Lakini kipindi kilikuwa na saa yake. Ukichelewa, kimekupita.

Na sisi je?

Watu wengi hunijibu haraka: yoga Kenya si ililetwa na Wahindi wa reli? Nilidhani hivyo mimi pia mpaka nilipoweka tarehe kando kwa kando.

Machakos ni mji wa zamani kuliko Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1880 kampuni ya Uingereza, IBEA, iliweka kituo hapa, katika nchi ya Masaku ambaye jina lake ndilo la mji. Kuanzia 1892 ofisa John Ainsworth aliendesha shughuli za serikali kutoka hapa. Kisha reli ikaja na kutupita kando. Ilifuata tambarare, ikapita Konza, na mwaka 1899 ikafika bwawa la Nairobi. Ainsworth akahamisha ofisi zake mwaka huo huo. Tangu hapo Nairobi ndiyo mjomba na sisi ni wapwa. (Ndio maana nacheka kidogo kwamba Konza hiyo hiyo, tuliyoiona ikiondoka na gari la moshi, ndipo Rais Kibaki alipozindua ujenzi wa mji wa teknolojia mwezi wa Januari 2013.)

Waliojenga reli hiyo walikuwa wafanyakazi 31,983 kutoka India, wengi wao kutoka Punjab: Waislamu, Masingasinga na Wahindu. Karibu 2,500 walikufa, na takriban 6,700 walibaki. Walituachia mengi. Chapati mezani, maneno kama gari, bima na laki mdomoni, na hekalu la Masingasinga la Makindu la mwaka 1926, ambalo mpaka leo humlisha msafiri yeyote bila malipo.

Lakini angalia tarehe. Reli ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901. Ukumbi wa Mysore ulifunguliwa 1933. Yoga tunayoifahamu leo, ya kusimama, kuinama na kujikunja kwa mfululizo, haikuwa imekamilika watu hawa walipopanda jahazi na meli kuja Mombasa. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutoleta toleo ambalo halijatoka. Na hata baadaye, familia za Kihindi zilizofanya yoga zilifanya ndani kwao. Enzi za ukoloni kila jamii ilipangiwa mtaa wake, shule yake na hospitali yake. Mwafrika aliingia katika nyumba hizo kama mpishi au dobi. Kitu kinachofanywa chumbani alfajiri na familia yenyewe hakivuki ukuta wa namna hiyo.

Na tusijifanye kwamba sisi tulikuwa tumekaa tu tukingoja kufundishwa kujikunja. Ngoma za Wakamba zinajulikana Kenya nzima kwa kuruka, kupindua mwili hewani na kutua kwa miguu kana kwamba hakuna kilichotokea. Shikilia hapo, kwa sababu sarakasi ndiyo iliyofungua mlango.

Wanasarakasi wa Nairobi

Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Paige Elenson, mwalimu wa yoga kutoka New York, alikuwa Kenya na familia yake kwa safari ya kuona wanyama. Aliona vijana wanasarakasi wakisimama kwa mikono. Naye anajua kusimama kwa mikono, basi akajiunga nao. Urafiki ukaanza, na mwaka 2007 akaanzisha Africa Yoga Project akishirikiana na mwalimu wake, Baron Baptiste. Wazo lilikuwa kuwafunza vijana wa Nairobi wawe walimu wa yoga, walipwe, nao wafundishe bure katika mitaa yao.

Kumbuka mwaka huo ulivyoisha. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulileta ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100. Vijana wa makabila mbalimbali kupumua pamoja kwenye chumba kimoja, mwaka 2008, Nairobi, si jambo dogo. Mradi ulikua, na zaidi ya vijana 100 wakapata mafunzo ya ualimu.

Mradi huu una maswali yake, na si vizuri kuyaficha. Mzungu anakuja kumfundisha Mwafrika kitu cha Mhindi, kwa pesa za wafadhili... mtu mwenye akili lazima akune kichwa. Lakini naona jambo moja la kweli: ndiyo mara ya kwanza mwalimu wa yoga akawa kijana wa Kawangware au Kibera, anayesema Kiswahili na Sheng, na anayejua kwamba chumba cha mwanafunzi wake ni futi kumi kwa kumi. Hapo yoga ilianza kubadilika ukubwa ili ienee katika nyumba zetu.

Kebo, bando na mwaka 2020

YouTube ilianzishwa mwaka 2005. Kwetu haikuwa na maana kubwa. Intaneti yetu ilipitia satelaiti, ghali na ya kujivuta. Mwaka 2009 ndipo kebo za TEAMS na SEACOM zilipotua Mombasa na bei ikaanza kushuka. Mwaka 2012 mwigizaji wa Austin, Texas, aitwaye Adriene Mishler alianza chaneli ya Yoga With Adriene, na Januari 2015 akatoa mfululizo wa siku 30, video moja kila siku, bure. Naamini hapa ndipo neno "kila siku" lilipopata mashine yake. Kipindi cha runinga kilikuwa na saa yake, ila video inakungoja. Na mfululizo wenye namba, siku ya 1, siku ya 2, unakufanya uone aibu kuruka.

Kisha likaja janga. Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Vyuo vikafungwa, nikarudi nyumbani na begi moja. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili serikali ikapiga marufuku kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake. Mpaka ulipita ndani ya kaunti yetu: Athi River ilikuwa ndani, Machakos mjini tulikuwa nje. Ulidumu hadi Julai. Kwa miezi mitatu mtu wa Machakos hakuweza kwenda kwa mwalimu wa Nairobi hata kama alikuwa na nauli. Ukumbi wa mazoezi umefungwa, uwanja umefungwa. Kilichobaki ni sakafu ya nyumba na simu.

Hapo nikakutana na swali la bando. Tupige hesabu kama wanafunzi wa kompyuta. Video ya ubora wa kawaida hutumia kama megabiti 1 kwa sekunde. Dakika 30 ni sekunde 1,800, yaani megabiti 1,800. Gawa kwa 8 upate megabaiti 225. Mara siku 30, ni megabaiti 6,750, karibu gigabaiti 7 kwa mwezi, ya mtu mmoja kujinyoosha! Kwa nyumba yenye simu moja na watoto wanaosoma mtandaoni, hiyo haiwezekani.

Sasa chukua sauti peke yake, kilobiti 64 kwa sekunde. Dakika zile zile 30 zinatoka megabaiti 14.4. Umepunguza zaidi ya mara 15. Na ukishazijua hatua kumi na mbili za salamu kwa jua kwa moyo, matumizi ni sufuri. Nilianza na video, nikahamia sauti niliyoipakua, na baada ya wiki chache nikazima simu kabisa. Safari ya karne nzima, kutoka posta hadi YouTube, nimeirudi kinyumenyume hadi mahali pa Aundh: mwili, jua na kumbukumbu.

Nani mwenye mikao?

Sasa ile kesi niliyowaahidi. Bikram Choudhury, mzaliwa wa Kolkata aliyehamia Marekani, alipanga mikao 26 na mazoezi mawili ya pumzi kwa mfuatano maalumu, dakika 90, ndani ya chumba cha joto la nyuzi 40 hivi. Aliutoa kwenye kitabu mwaka 1979. Baadaye akadai kwamba mfuatano huo ni mali yake kisheria, na anayeufundisha bila leseni yake ni mwizi.

Mwaka 2003 baadhi ya walimu waliungana na kumshtaki huko California. Sikia jina la chama chao: Open Source Yoga Unity. Chanzo huria! Walichukua neno letu sisi wa programu huria na kulipeleka mahakamani. Kesi hiyo iliisha kwa maelewano mwaka 2005, bila hukumu. Choudhury akaendelea kushtaki wengine, mpaka Oktoba 2015 mahakama ya rufaa ya San Francisco iliposema wazi: mfuatano wa mikao ni utaratibu, ni wazo, na hakimiliki hailindi wazo. Kitabu chake kinalindwa, maneno na picha zake. Mwili wako ukiinama, haulindwi na yeyote. Ni kama kitabu cha mapishi. Unaweza kumiliki maandishi, lakini huwezi kumiliki ugali.

India nayo haikukaa kimya. Tangu mwaka 2001 serikali yake imekuwa ikijenga hifadhidata ya maarifa ya jadi, dawa na tiba za kale, na baadaye mikao ya yoga, ili ofisi za hataza duniani ziweze kuona kwamba kitu fulani si kipya. Hapo ndipo najiuliza juu yetu. Mwaka 2007 tulipata mshtuko kampuni moja ilipoomba kusajili neno "kikoy" Uingereza. Kenya ikapiga kelele, na maombi hayakufaulu. Lakini kelele si hifadhidata. Ngoma zetu, dawa zetu, ususi wa vyondo... tumeviandika wapi? Kitu kisichoandikwa hujitetea kwa shida.

Swali la mama

Kuna jambo ambalo mwandishi wa Nairobi anaweza kuliruka, ila mimi wa Ukambani siwezi. Africa Inland Mission ilianza kazi yake mwaka 1895 huko Nzaui, miaka minne kabla reli haijafika Nairobi. Ukristo huku una mizizi. Mama yangu aliponikuta nimeinama alfajiri uso ukielekea mashariki aliniuliza: "Mwanangu, unamwabudu nani?"

Ni swali la haki, na lina historia yake. Jimbo la Alabama, Marekani, lilipiga marufuku yoga katika shule za umma mwaka 1993 na kuiruhusu tena mwaka 2021, kwa sharti kwamba mikao iitwe majina ya Kiingereza na neno namaste lisitamkwe. Huko Encinitas, California, wazazi walikwenda mahakamani wakisema shule inafundisha dini. Walishindwa mwaka 2013 na tena kwenye rufaa mwaka 2015. Upande wa pili wako Wahindu wanaolalamika kwamba yoga iliyong'olewa katika dini yake ni kuku aliyenyonyolewa manyoya. Nao wana hoja. Salamu kwa jua ilikuwa salamu kweli, kwa mungu wa jua, na yule mtawala wa Aundh aliifanya pamoja na maneno matakatifu.

Nilimjibu mama kwamba sitamki neno lolote, nahesabu pumzi tu. Alinitazama nikifanya ule mkao wa mbwa anayejinyoosha. Akasema: "Huo ndio mgongo wa mtu anayepalilia mahindi. Ungekuja shamba ungefanya bure." Hakuniambia niache, wala hakuniambia niendelee. Nimehamisha mkeka ukaelekea ukutani, kwa heshima yake, na hiyo haikunipunguzia kitu.

Siku 66

Tumalizie na neno lenyewe, mazoea. Mtaani utasikia kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Namba hiyo inatokana na daktari wa upasuaji, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuzoea sura mpya. Neno "angalau" likapotea njiani. Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha UCL, London, walipima jambo hili kwa watu 96 na kuchapisha matokeo mtandaoni mwaka 2009. Wastani ulikuwa siku 66, lakini tofauti ilikuwa kubwa, kutoka 18 hadi 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Programu za simu zinazokufutia hesabu yote ukikosa siku moja zimejengwa kinyume na ushahidi.

Katika utafiti huo kila mtu alifunga tendo lake jipya kwenye kitu kinachotokea kila siku, mfano baada ya kifungua kinywa. Na hapa Machakos tuna bahati ambayo Mzungu hana. Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2014 na kuadhimishwa mara ya kwanza 2015, iliwekwa tarehe 21 Juni kwa kuwa ndiyo siku ndefu kuliko zote kaskazini mwa dunia. Kwetu sisi, nyuzi moja na nusu hivi kusini mwa ikweta, tarehe 21 Juni ni siku kama nyingine. Jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini, mwaka mzima. Anayeishi London akifunga mazoea yake kwenye jua atachanganyikiwa ifikapo Desemba. Sisi tuna saa ya ukutani angani, haihitaji betri wala sasisho.

Je, nyumbani inatosha? Utafiti wa Robert Saper na wenzake, Boston, uliochapishwa mwaka 2017, uliwafuata watu 320 wenye maumivu sugu ya mgongo. Wiki 12 za yoga hazikuwa duni kuliko tiba ya viungo. Kisha waliofanya yoga wakagawanywa, wengine waendelee darasani na wengine nyumbani. Mwisho wa mwaka hakukuwa na tofauti ya maana. Lakini zingatia: walianza na mwalimu. Kama mgongo wako unauma mpaka mguu unakufa ganzi, nenda hospitali kwanza, usije kwangu.

Kwa anayetaka kuanza, basi, naweza kusema haya tu. Tafuta mtu anayejua akuangalie mara mbili tatu, kwa sababu kitabu na video havikuoni. Jifunze mikao michache. Svatmarama alieleza 15, wewe tano zinatosha. Iweke moyoni ili isitegemee bando. Funga kwenye jua au kwenye birika la chai, usifunge kwenye simu. Na mkeka usiukunje na kuuweka juu ya kabati. Uache pale utakapoukanyaga ukitoka kitandani.

Haya, mimi narudi kwenye hifadhidata zangu. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi nakala za data. Inyosheni migongo.